Wanakuuzia Ndege, Jeshi Hawakupi

Mgeni yeyote akichungulia hangarini kwetu pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kuona ndege zetu za zamani za kijeshi, swali lake la kwanza ni bei. Hii inauzwa pesa ngapi? La pili hulileta kwa aibu kidogo: kwani inaruka kweli? Mimi hujibu la pili kwanza. Inaruka. Bei nayo si ya kutisha kama watu wanavyodhani. Chipmunk nzima, ndege ndogo ya kufunzia marubani, yenye vyeti vyake, unaweza kuipata Uingereza kwa pesa pungufu ya zile zilizolipiwa baadhi ya magari ninayoyaona kila asubuhi yamekwama kwenye foleni ya Lang'ata Road. Anayeshangaa bei ya kununua hajaona kitu. Asubiri bili za mwaka wa tatu.

Mimi ni fundi wa ndege mwenye leseni na riziki yangu hutoka kwa Cessna na Caravan, hizo zinazopeleka watalii Mara na mizigo kaskazini. Ndege za zamani za kijeshi nilizirithi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amefunzwa Eastleigh, katika Jeshi la Anga, na pale kwetu ndiye peke yake aliyejua kushona kitambaa cha usukani wa ndege na kusikiliza magneto, kile kifaa kinachotoa cheche za kuwashia injini, kwa sikio. Alipostaafu, wenye ndege hizo wakaja kwangu. Sikuwa hodari kuliko wenzangu. Nilikuwa tu nimesimama karibu na mzee muda mrefu kuliko wao.

Siku hizi ninatunza mbili. Moja ni Chipmunk ya rubani mstaafu wa ndege za abiria, nitamwita Kapteni kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyomwita. Nyingine ni Harvard iliyotoka Afrika Kusini, ambako jeshi lao lilizitumia kufunzia marubani hadi 1995. Mwenyewe ni mfanyabiashara na hapendi kuandikwa, kwa hiyo nitamwacha hapo.

Kuna jambo ambalo wenye ndege hizi wote huchelewa kulielewa. Chipmunk haikuundwa iishi peke yake. Jeshi la Anga la Uingereza lilizitumia kuwarusha makadeti hadi 1996, miaka hamsini kamili tangu ya kwanza iruke Kanada. Nyuma ya kila moja kulikuwa na ghala lenye spea zilizofungwa kwenye karatasi ya nta, karani wa kuandika saa, fundi wa magurudumu ambaye hakugusa kingine, mkaguzi wa kumkagua fundi, na kiwanda kilichotuma waraka kila kitu kilipopasuka popote duniani. Bili ilikwenda kwa hazina ya serikali. Hata hapa kwetu, Jeshi la Anga la Kenya lilipoundwa Juni 1964, Chipmunk zilikuwa miongoni mwa ndege zake za kwanza, na hazikuachiwa mtu mmoja azitunze Jumamosi. Siku jeshi linapouza ndege, mnunuzi anapewa ndege. Akibahatika anapewa na logibuku zake, vitabu vya kumbukumbu za ndege, pamoja na kreti ya vikorokoro. Jeshi lenyewe hapewi. Kuanzia hapo kazi za watu wale wote ni zake yeye, mkewe anayeuliza pesa zimeenda wapi, na fundi mmoja wa Wilson.

Chukua spana tu. Injini ya Chipmunk ni Gipsy Major, ya Kiingereza, silinda 4 zilizoelekezwa chini, nguvu farasi 145, na nati zake ni za vipimo vya zamani vya Uingereza. Spana ya milimita haishiki. Ya inchi ya Kimarekani inakaribia kushika, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana inakula pembe za nati huku wewe unadhani unafungua. Seti yangu ya Whitworth, yaani spana za vipimo hivyo vya zamani, ilikuwa ya mzee, na haiazimwi. Kijana akinijia anataka spana moja, tunaongozana hadi kwenye hiyo nati, na ninasimama hapo mpaka irudi mfukoni mwangu.

Spea zenyewe zipo, tofauti na watu wanavyofikiri. Duxford, Uingereza, kuna kampuni iitwayo de Havilland Support ambayo imechukua dhamana ya kiufundi ya Chipmunk na ndege nyingine za mafunzo kama Tiger Moth na hata Bulldog. Hilo ni jambo kubwa. Ndege nyingi za jeshi ni yatima. Aliyeziunda alifunga kiwanda na michoro ikapotea, hakuna wa kumwandikia barua ukiona ufa. Harvard nayo na ndugu zake ziliundwa zaidi ya 15,000, kwa hiyo ukitafuta Marekani hukosi. Kinachouma ni safari. Gasketi ya bei ya chakula cha mchana inasafirishwa kwa bei ya mbuzi, halafu kuna ushuru, halafu kuna mtu ofisini anayetaka kujua kwa nini kipande hiki hakimo kwenye orodha yake. Ndege inakaa chini wiki baada ya wiki ikingoja kitu kinachoenea kiganjani.

Ndipo Kirinyaga Road, mtaa wa spea na mafundi wa magari, au Grogan kama wengi bado tunavyoiita, inapoanza kumwita mtu.

"Fundi," Kapteni aliniambia siku moja tukisubiri bolti, "si yule kijana wa Kariobangi achonge tu? Nimeona alichomfanyia mtu wa matatu. Huwezi kujua kipi ni cha kiwanda."

"Kapteni, atachonga. Na itaingia vizuri kuliko ya kiwanda. Sasa uniambie ni chuma gani."

Alinyamaza kwa sababu anajua. Umbo la bolti ni kitu rahisi. Kigumu ni chuma kilichotumika, kilichomwa moto kwa joto gani, kikapozwa vipi, na kama nyuzi zake zimekatwa au zimebanwa kwa roli, kwa sababu nyuzi zilizokatwa huanza kupasuka mapema zaidi zikivutwa na kuachiwa mara nyingi. Hayo yote hayaonekani kwa jicho. Sisemi mafundi wa jua kali ni wabaya. Kuna wanaonizidi mikono. Lakini hata spea mpya yenye idhini inaweza kumaliza watu. Mwaka wa 2013 huko Australia, Tiger Moth, ndege yenye mabawa ya juu na ya chini, ilipoteza bawa la kushoto hewani karibu na pwani ya Queensland na wawili waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta fimbo za chuma zinazounganisha mabawa ya chini na kiwiliwili zimekatika penye nyuzi, kwenye nyufa za uchovu wa chuma. Fimbo hizo hazikuwa za kiwanda cha zamani. Zilikuwa zimeundwa upya Australia, na kwa kibali. Zilikatika kabla ya muda wake wa kubadilishwa kufika. Kama hilo limewapata watu wenye maabara na mihuri, mimi nitamtetea vipi kijana wa Kariobangi mbele ya mjane?

Ile bolti ilifika kutoka Uingereza. Kapteni alilipa. Alilalamika wiki nzima, ila alilipa.

Logibuku ya Chipmunk naisoma kuliko gazeti. Ndege hizi hazizeeki kwa miaka, zinazeeka kwa kazi zilizofanyishwa. Saa moja ya kwenda Naivasha na kurudi polepole si sawa na saa moja ya sarakasi, ya kupinduka na kuvuta juu. Kwa hiyo saa za Chipmunk huzidishwa kulingana na kazi iliyofanywa, na jumla inayopatikana ndiyo inayosema ni lini vipande fulani vinavyobeba mabawa vitolewe vitupwe, hata kama vinang'aa. Jeshi liliandika kila safari na aina yake, kwa hiyo hesabu ya miaka ya jeshini ni safi kabisa. Tatizo linaanza ndege inapoingia mikononi mwa watu binafsi. Katika Chipmunk ya Kapteni kuna kipindi ambapo mwenye ndege wa wakati huo, katika nchi nyingine, aliandika saa bila kuandika alifanya nini nazo. Yawezekana alikuwa mzee mpole wa kutazama mashamba. Yawezekana pia alikuwa mwendawazimu.

Nikazihesabu zote kama za mwendawazimu.

"Unaninyang'anya saa zangu," Kapteni akasema, na hakuwa anatania.

"Zilishatumika, Kapteni. Hatujui tu ni nani aliyezitumia."

Hapo ndipo urafiki wa fundi na mwenye ndege hupimwa, na wapo ambao haukufika mbali. Jeshini, mkaguzi alikuwa na cheo chake na hakulipwa na rubani. Huku kwetu anayeniajiri ndiye ninayemwambia hapana. Nimewaona mafundi wazuri wakilegea hapo. Hawakuwa wakora, mwenye ndege alikuwa mkarimu, ada za shule zilikuwa zimekaribia, na ufa ulikuwa mdogo.

Wenye Bulldog hudanganyika zaidi, na nchi hii tunaijua Bulldog kwa kuwa Jeshi la Anga letu lilifunzia vijana kwayo kwa miaka mingi. Injini yake ni Lycoming ya nguvu farasi 200, ndugu wa injini zilizojaa Wilson, spea unazipata hangari ya tatu kutoka yako. Injini ikiunguruma vizuri mtu anaona ndege yake ni mzima. Lakini injini ikiumwa husema: inatetema, inavuja, joto linapanda. Bawa halisemi, na la Bulldog nalo lina umri wake unaohesabiwa kwa uchovu wa chuma.

Nililiona hilo vizuri kwenye Harvard. Mwaka wa 2005 ndege ya aina hiyo ilipoteza bawa huko Florida, na mamlaka ya Marekani ikaamuru pembe za metali zinazounganisha vipande vya mabawa zikaguliwe kwa dawa inayong'aa, na ukaguzi urudiwe kila saa 200 za kuruka. Sisi hufanya usiku. Paa letu lina mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga na huwezi kuyaziba yote, kwa hiyo tunangoja giza na kumwomba bawabu azime taa za nje. Mchana unakuwa umeshafungua vifuniko, umetoa rangi, umesafisha grisi mpaka metali inalia ukiigusa kwa kitambaa. Unapaka dawa, unaiacha inywewe na kila mwanya, unaifuta juu, unapulizia unga mweupe unaoivuta nje, kisha unawasha taa ya zambarau na kupita nayo polepole, bolti kwa bolti. Mkwaruzo unang'aa kwa upana na kwa uvivu. Ukiufuta na kungoja, haurudi. Ufa unarudi.

Usiku mmoja, chini ya bawa la kulia, kando ya tundu la bolti, kulikuwa na mstari wa kijani wenye urefu wa punje ya mchele. Nikaufuta kwa pamba yenye dawa kidogo. Nikangoja. Ukarudi mahali palepale, mwembamba, umenyooka. Nikamwita kijana aliyekuwa nami aangalie bila kumwambia nimeona nini, naye akaweka kidole palepale.

Mwenye Harvard alikuwa na wageni wanaokuja wiki mbili baadaye na alishawaahidi kuwarusha. Aliniuliza kama mstari wa ukubwa ule hauwezi kuvumilia wikendi moja. Nikamwambia siwezi kutia sahihi. Akaleta fundi mwingine, mtu ninayemheshimu, ambaye alitazama dakika tano na kusema hilohilo kwa maneno makali kuliko yangu. Ndege ikakaa chini hadi pembe mpya zilipokuja kutoka Marekani, na kuzifunga kulichukua muda mrefu kuliko kuzingoja, kwa sababu matundu yake lazima yalingane na ya bawa lililozeeka pamoja na pembe zilizotoka. Wageni walipelekwa kuona twiga.

Harvard ina mengine. Injini yake ina silinda 9 zilizopangwa kwa duara, na ikilala siku kadhaa mafuta ya kulainishia injini hushuka taratibu na kujikusanya kwenye silinda za chini. Mafuta hayabanwi kama hewa. Ukiwasha hivyo, pistoni inagonga mafuta kama inagonga ukuta na fimbo yake inapinda. Ajabu ni kwamba injini inaweza kuwaka hata hivyo, ikakupeleka angani, na fimbo iliyopinda ikakatika siku nyingine kabisa juu ya Ngong. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, magneto zikiwa zimezimwa, tunaizungusha propela kwa mikono, panga baada ya panga. Ikigoma, usilazimishe. Na usiirudishe nyuma, maana mafuta yatasukumwa kwenye bomba la hewa na kungoja hapo mpaka injini iwake iyavute tena. Unatoa plagi za chini, unaweka beseni, unaacha yatoke. Ni kazi chafu ya nusu saa na vijana wa marubani hawaipendi. Wamezoea Cessna 172: unapanda, unageuza ufunguo, unaenda.

Kuna kitu kimoja cha Harvard ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha ufundi. Ncha za propela yake zinazunguka kwa kasi inayokaribia ya sauti, na ikiongezwa moto inatoa mlio wa kupasua ambao ukiusikia mara moja hutausahau. Mama yangu alizaliwa upande wa Mweiga, Nyeri. Siku hizi anakaa kwangu Rongai, na Jumapili moja ile Harvard ilipita juu yetu ikielekea Magadi. Nilikuwa uani. Mama alikuwa anachambua sukuma, akaacha, akatazama juu mpaka ikapotea. Jioni akaniuliza ni ya nani. Nikamweleza, nikamwambia kwa fahari kidogo kwamba ni mimi ninayeitunza.

"Hiyo ndiyo ilikuwa inapita kwetu ikienda msituni," akasema.

Kuanzia 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza walitumia Harvard kudondosha mabomu ya ratili 20 kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, zikiruka kutoka Thika na baadaye kutoka Mweiga kwenyewe. Baadaye zikaja Lincoln, ndege kubwa za mabomu, kutoka Eastleigh. Mama alikuwa mtoto. Msituni kulikuwa na kaka yake. Hakusema zaidi, na chakula kilipoiva tukala.

Ndege yetu siyo ile. Hii ilikuwa Afrika Kusini, ikifunza vijana wa huko, na huko nako si kwamba historia ni safi. Nilikaa na jambo hilo kwa muda, kisha nikamwendea mwenyewe na kumwambia kwamba watoto wa shule wakija kuitazama, nitawaambia na hilo, pamoja na nguvu farasi na kasi. Hakufurahi mwanzoni. Alisema yeye alinunua ndege, hakununua siasa. Nikamjibu kwamba jeshi lilikuwa na bendi ya kupiga na makumbusho ya kueleza mambo kwa namna yake, na hapa mwelezaji ni mimi, na mimi ni mtoto wa mama yangu. Sasa ukutani pana karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na kwenye hiyo Mweiga imetajwa. Kuna wageni wazee ambao huisoma kwa muda mrefu kuliko wanavyoitazama ndege.

Nairobi yenyewe ni mtihani. Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, na saa saba mchana kukiwa na nyuzi 28 ndege inajihisi iko juu ya futi 8,000. Zile nguvu farasi 145 za Kapteni zilipimwa usawa wa bahari. Hapa anaondoka na kama 120, na bado hajaanza kupanda. Basi Chipmunk ni ndege ya asubuhi. Jua la huku nalo linakula kitambaa cha sehemu za kuongozea, vumbi jekundu linaingia penye mafuta na kuwa msasa, na nyigu wa tope wakipewa siku mbili wanaziba bomba la kupimia kasi. Kifuniko cha bomba hilo kina utepe mwekundu mrefu ili rubani asikisahau.

Katriji niziseme kwa kifupi, ingawa Kapteni akianza hadithi hii utakaa mpaka chai ipoe. Chipmunk za jeshi la Uingereza hazikuwa na stata ya umeme. Ziliwashwa kwa katriji, kama bunduki: mlipuko mmoja, moshi, injini inashtuka na kuzunguka. Ni raha kuona. Sasa wewe nenda ofisi yoyote ya Nairobi uombe kuingiza baruti nchini kwa njia ya posta.

"Katriji za nini, mzee?"

"Za kuwashia ndege."

"Ndege ya aina gani?"

"Ya jeshi. Lakini ni yangu."

Alipotoka huko alikuwa ameamua kufunga stata ya umeme, ambayo inaruhusiwa na wengi Ulaya wamefanya hivyo. Ndege ikaongezeka uzito, betri ikahitaji mahali pake, na rafiki zake wa Uingereza wakamwambia ameiharibu. Waje waombe hicho kibali wao.

Mara nyingine naulizwa kwa nini mtu asirudishe jeti za zamani za jeshi letu, Strikemaster au Hunter. Strikemaster zetu zilipelekwa Botswana, na baadhi zikaishia kwa watu binafsi Uingereza, kwa hiyo jambo lenyewe si ndoto. Lakini kiti cha kumrusha rubani nje nacho kina baruti yenye tarehe ya kuisha. Mafuta yanakwenda kwa namna ambayo hata mwenye Harvard angeshika kichwa. Halafu kuna Shoreham, Agosti 2015: Hunter ya mtu binafsi iliangukia barabara kuu wakati wa maonyesho na kuua watu 11, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani ya ndege. Baada ya hapo sheria za maonyesho Uingereza zilikazwa sana. Mimi jeti ya mtu binafsi juu ya Nairobi, na mtaa wa South C uko pale mwisho wa uwanja, sitaitia sahihi. Hilo ni langu binafsi. Wengine watakuwa na maoni yao.

Mafuta yananitia wasiwasi kuliko chuma. Zamani Wilson ilikuwa ya injini za pistoni na avgas, petroli ile ya buluu ya ndege, ilitiririka. Siku hizi Caravan zimetawala, nazo zinakunywa mafuta ya taa ya ndege, kwa hiyo wanunuzi wa avgas tunapungua na kila tukipungua bei inatukumbuka. Harvard inakunywa kama lita 130 kwa saa. Juu ya hayo, avgas ina madini ya risasi na dunia inaiondoa: Ulaya imeshaiwekea masharti makali tangu Mei 2025, Marekani inalenga kuachana nayo kufikia 2030. Kwa Gipsy Major hilo lingekuwa neema, kwa kuwa iliundwa kwa petroli dhaifu kuliko avgas ya leo na hiyo risasi inaziba plagi zake kila mara. Lakini petroli ya kituo cha barabarani hugeuka mvuke upesi ndani ya mabomba penye joto na mwinuko kama huu wetu, na bila karatasi ya kuiruhusu kwa aina hiyo ya ndege, bima inakuwa imekufa kabla yako.

Vijana wangu wanaondoka. Saa walizofanya kwenye Chipmunk hazihesabiki sana mtu akiomba kazi Doha au Addis. Wanataka saa za Boeing na Airbus. Ningekuwa na umri wao ningeondoka pia, na niliwaandikia barua za kuwasifu. Kati ya wanaobaki kuna binti mmoja ambaye huja Jumamosi bila kuitwa. Anarekodi kwa simu kila ninapopanga magneto, akiniambia, "Mzee, rudia hapo, mkono wako umeziba." Mwanzoni iliniudhi. Sasa narudia. Juzi alimkamata Kapteni akitaka kuwasha bila kuzungusha propela, maana Gipsy nayo kwa kuelekea chini huwa na ugonjwa ule ule wa Harvard, na akamwambia ashuke. Kapteni akashuka.

Watoto wa Kapteni hawaitaki ndege. Kuna Mjerumani aliyeandika akitaka kuinunua, na Kapteni akaniuliza ningefanya nini. Nilimwambia auze, iruke Ujerumani kuliko ioze Wilson ikiwa na jina lake ubavuni. Hakunijibu. Wiki iliyopita ameagiza matairi mapya mawili kutoka Uingereza, kwa hiyo mwaka huu hauzi.